Nimeoda seti nzima ya granji, kwapa likafumuka, wakaniambia ndo staili yenyewe

Nyota mbili kati ya tano. Naziweka juu kabisa maana najua wengi wenu mnakuja kutafuta namba tu, mkishaiona mnaondoka, haya basi nyota mbili, moja ya sweta na moja ya kikadi kimoja hivi nitakachokielezea huko chini ambacho kimenichekesha mpaka machozi. Mnaoondoka ondokeni, mliobaki vuteni kiti maana hii haitakuwa fupi.

Granji, yaani ule muziki wa rock wa gita za kukwaruza kutoka mji wa Seattle, Marekani, pamoja na mavazi yake ya kuchakaa, naipenda toka nikiwa msichana. Kaka yangu alikuwa na kaseti moja tu ya bendi ya Nirvana, haina kava, na upande wa pili redio ilishaila tepu katikati kwa hiyo kuna wimbo mpaka leo naujua nusu. Kwa Kiingereza wanaandika grunge, mi naandika kama ninavyotamka, tusisumbuane kwenye hilo. Sasa mwezi uliopita nikakutana na tangazo, "Muonekano kamili wa granji ndani ya boksi moja", duka la mtandaoni, jina lao naliacha maana nimeandikiana nao sana wiki hizi na sitaki waje waseme nimewachafua, ingawa kwa biashara wanayofanya nilidhani kuchafuliwa ni sifa. Nikalipa. Nilijua naibiwa kidogo ila nikasema acha tu, na mimi nijifurahishe.

Boksi likaja zuri, jeusi, maandishi yamemomonyokamomonyoka kama ukuta wa zamani. Hiyo nayo watu wa usanifu wanaiita granji siku hizi, ukitafuta fonti au picha za kuchakaza mabango unazikuta chini ya hilo jina, mikwaruzo, madoa ya wino, kutu. Ndani: shati la flaneli la drafti nyekundu na nyeusi, tisheti moja, jinsi yenye matundu magotini, sweta la vifungo rangi ya kijani kilichopauka, kikadi kigumu kilichoandikwa "Ongea Kigranji", na karatasi yenye ule mraba wa kuskani na simu upate muziki.

Nianze na shati maana ndo lililozua yote.

Kwa mbali shati zuri. Ukilishika unajua kuna kitu hakiko sawa. Flaneli ya kweli ni pamba au sufu iliyokwanguliwa uso wake mpaka vinyuzi vinasimama, ndo maana inashika joto na ndo maana ukiipitisha shavuni unasikia kama mgongo wa paka. Hili lilikuwa linateleza. Nikageuza ndani nje, weupe mtupu! Yaani ile drafti imepigwa chapa upande mmoja tu kama gazeti, wakati drafti ya kweli inatokana na nyuzi za rangi zinazopishana kwenye kufuma, ukigeuza shati unaiona upande wa pili vilevile. Halafu pembeni ya mfuko wa kushoto kuna doa, doa la kahawia hivi lenye ukingo mweusi kidogo kama kikombe cha kahawa kimewekwa hapo, nikadhani limechafuliwa njiani, nikalisugua na sabuni, halitoki, nikasogea dirishani nikaliangalia vizuri kumbe na lenyewe limechapwa. Doa la kiwandani. Nikakaa nikalitazama muda mrefu sana lile doa.

Nikasema haya, nivae hivyohivyo. Siku ya pili nanyoosha mkono kuchukua sufuria juu ya kabati, nikasikia tlaaa, kwapa la kulia wazi. Sio kitambaa kilichochanika, ni mshono, uzi wa kushonea ni ule dhaifu wa kuvutika na hatua za cherehani ni ndefu mno, na ndani hawajapiga ovaloki kabisa, kitambaa kimekatwa na kuachwa kinachambuka.

Nikafungua chati ya huduma kwa wateja. Naomba niyaweke mazungumzo hapa kama yalivyokuwa maana siwezi kuyasimulia vizuri zaidi ya yalivyo:

"Habari ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi, tukusaidie nini leo?"

"Nzuri. Shati la seti ya granji limefumuka kwapani siku ya pili tu."

"Pole sana dada. Tungependa kukufahamisha kuwa bidhaa zetu za granji zimebuniwa kwa muonekano wa kuchakaa. Matundu ni sehemu ya ubunifu."

"Mdogo wangu, hili tundu jana halikuwepo."

"Ndiyo dada, kila vazi ni la kipekee."

Aisee. Nilicheka, nikakasirika, nikacheka tena. Ila nilipozima simu lile jibu likakataa kutoka kichwani, maana ukilitazama kwa utulivu yule binti ana hoja. Kama granji ni kuchakaa, basi kwapa limechakaa, bidhaa imetimiza ahadi na mimi ndo mkorofi. Kwa hiyo kabla sijarudi kwenye chati ikabidi nijiulize kwa dhati hili neno lina maana gani, na mtanivumilia kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini sikukubali.

Neno lenyewe ni la mtaani Marekani, miaka ya 60 huko watu walikuwa wanasema kitu ni "grungy" wakimaanisha kichafu, kimechoka, kina utando. Granji ni ule uchafu wenyewe. Kiswahili tuna neno tamu kabisa la kitu hicho, nongo, ile inayotoka ukijisugua na jiwe baada ya siku nyingi. Nongo haipakwi. Hakuna mtu aliyewahi kununua nongo, inakuja yenyewe kwa kuishi. Liwekeni hilo akilini.

Miaka ya 70 waandishi wa rock kule Marekani, Lester Bangs akiwemo, wakawa wanalitumia kwa gita zenye sauti ya kukwaruza. Halafu 1981 pale Seattle kijana mmoja ambaye baadaye tulimjua kama Mark Arm aliandika barua kwenye kijarida kidogo kinaitwa Desperate Times kuiponda bendi moja, akasema ni granji tupu, kelele tupu, mavi matupu. Bendi yenyewe ilikuwa yake! Mr. Epp and the Calculations, alikuwa anajiponda mwenyewe kwa utani kwa kutumia jina lake la kuzaliwa la McLaughlin. Hebu fikirini, neno lililokuja kuuza mashati dunia nzima lilianza hapo mjini kama tusi la mtu kujitukana.

Aliyeligeuza kuwa bidhaa sio kiwanda cha nguo, ni lebo ya kutoa muziki ya hukohuko Seattle, Sub Pop ya Bruce Pavitt na Jonathan Poneman. 1987 walipotoa rekodi fupi ya Green River, bendi nyingine ya huyohuyo Mark Arm, kwenye katalogi yao wakaisifia kuwa ni granji iliyolegea kupita kiasi iliyoharibu maadili ya kizazi kizima. Utani wa wauza santuri tu. Wale jamaa walikuwa wanajua kuuza maneno kuliko kulipa bili. Green River ikavunjika, Mark Arm na Steve Turner wakaenda kuwa Mudhoney, Stone Gossard na Jeff Ament wakaanzisha Mother Love Bone na hatimaye wakaishia Pearl Jam, yaani bendi moja ndogo imezaa ukoo mzima na neno likatembea nao kila walipokwenda, wengine wao hawalipendi mpaka kesho.

Muziki wenyewe sasa, maana duka limeniuzia nguo kama vile granji ilianzia kabatini. Chukua uzito wa bendi ya Black Sabbath na ule mwendo wao wa kukokota, uchanganye na pank, yaani kutojali kama umekosea noti. Melvins, vijana wa Montesano upande wa mashamba ya miti ya mbao, ndo walioonyesha wenzao kwamba pank inaweza kwenda polepole na ikatisha zaidi. Halafu pedo za gita. Mudhoney 1988 walitoa rekodi wakaiita Superfuzz Bigmuff, hilo sio fumbo la kishairi, ni majina ya pedo mbili za mkwaruzo walizokuwa wanakanyaga jukwaani. Pedo ya namna hiyo inachukua sauti ya gita inaisukuma mpaka vilele vya wimbi vinakatwa, kinachobaki kinakuwa kinene na kichafu kama nyuki ndani ya debe. Na wengi walikuwa wanalegeza uzi mnene kabisa wa gita kutoka mi kwenda re, ukifanya hivyo unaweza kupiga kodi nzito kwa kidole kimoja tu, unateleza nacho juu na chini. Uvivu wenye akili.

Lakini msidhani zote zinalia sawa, hapo ndo watu wengi hukosea. Soundgarden walikuwa wanahesabu mapigo saba badala ya manne halafu Chris Cornell anapanda juu na sauti ambayo sijui ilikuwa inatokea wapi mwilini. Alice in Chains ni metali kabisa ukiondoa zile sauti mbili za Layne Staley na Jerry Cantrell zinazotembea sambamba kama maombolezo. Nirvana ni nyimbo za kuimbika, taratibu kwenye ubeti halafu korasi inakupasukia usoni, na mwimbaji wao Kurt Cobain mwenyewe alikiri kwamba mbinu hiyo alijaribu kuiiba kwa Pixies, ambao sio wa Seattle. Mi ukiniuliza, kama ningekuwa na nafasi ya kubaki na bendi moja tu, ningebaki na Alice in Chains, najua mtanishambulia, shambulieni.

Na bei! Hapa ndo nilipokuwa nataka kufika. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach, ilirekodiwa na Jack Endino kwenye studio ya Reciprocal kwa dola 606 na senti 17. Hata hizo hawakuwa nazo, zililipwa na Jason Everman, wakamshukuru kwa kumweka kwenye kava na kumwandika kuwa mpiga gita wakati hajapiga hata uzi mmoja kwenye albamu ile. Kwa hiyo ule uchafu wa sauti unaousikia haukuwa pambo. Ilikuwa ndo sauti ya dola 606.

Na nguo zilikuwa hivyohivyo. Kaskazini-magharibi ya Marekani ni mvua na unyevu na baridi ya kuingia mifupani, ni nchi ya wakata magogo, shati la flaneli kule ni vazi la kazi na kwenye maduka ya mitumba yalikuwa yamejaa tele kwa bei ya chee. Vijana hawana hela, vyumba wanavyopigia muziki vina baridi, unavaa tisheti, juu shati, juu sweta la babu wa mtu, ukipata joto unalifunga kiunoni. Cobain alikuwa anarundika nguo kwa sababu nyingine pia, alikuwa mwembamba na hakupenda kuonekana mwembamba. Tundu la goti lilitokana na goti. Ukiwaambia mwaka 1988 kwamba ile ni staili wangekutazama tu.

Halafu ikaja 1991 na mambo yakawaka moto. Pearl Jam walitoa Ten mwezi wa 8, Nirvana wakatoa Nevermind tarehe 24 mwezi wa 9, safari hii na prodyuza Butch Vig na hela ya lebo kubwa, na Januari 1992 ikamshusha Michael Jackson na Dangerous yake kutoka nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard. Kuanzia hapo kila mtu mwenye kitu cha kuuza akataka kujua hawa watoto wa Seattle wanavaa nini na wanaongeaje.

Na wanaongeaje ndo inanileta kwenye kikadi jamani, kile kikadi!

"Ongea Kigranji. Maneno halisi ya mtaa wa Seattle." Limepangwa vizuri, neno la kule kushoto na maana kulia. Nikaanza kusoma: "wack slacks", jinsi iliyochakaa. "Lamestain", mtu asiye na mvuto. "Fuzz", sweta zito la sufu. "Swingin' on the flippity-flop", kuzurura na washkaji. Nikaangua kicheko peke yangu nyumbani. Hawa watu hawajui walichochapa! Novemba 1992 gazeti la New York Times lilikuwa linaandika habari kubwa ya granji, mwandishi akapiga simu kuulizia misimu ya vijana, akaangukia mikononi mwa Megan Jasper, dada wa miaka 25 aliyewahi kukaa mapokezi pale Sub Pop. Misimu yenyewe haikuwepo. Dada wa watu akaanza kutunga papo hapo kwenye simu, neno baada ya neno, akizidi kupandisha upuuzi akitegemea jamaa atashtuka wacheke yaishe, jamaa hakushtuka, akaandika yote, gazeti likachapa tarehe 15 kama kamusi kamili. Baadaye kijarida cha The Baffler ndo kikafichua kwamba ni mchezo. Na Megan Jasper akaja kuwa bosi mkuu wa Sub Pop hiyohiyo.

Sasa huu mwaka duka linachapa mzaha uleule kwenye kadi ngumu yenye kingo za dhahabu linaniuzia kama "maneno halisi". Nimekibandika kwenye friji. Kwa kweli ndo kitu pekee ndani ya boksi chenye damu ya Seattle ndani yake, kuliko nguo zote, kwa sababu kimetoka kwenye mdomo wa mtu wa pale akimcheka mtu kama mimi mwenye boksi. Nyota moja nzima, sijutii.

Na kabla hamjasema hawa wenye duka ni wapuuzi wa kwanza, hapana. Mwezi huohuo wa Novemba 1992 mjini New York mbunifu Marc Jacobs aliyekuwa anachorea kampuni ya Perry Ellis alipandisha jukwaani mkusanyo wa granji, mashati yanafanana kabisa na flaneli ya mtumba, ukiyashika ni hariri. Wakosoaji wengi walimshukia na kazi akaipoteza, ingawa leo ule mkusanyo unatajwa kwa heshima kubwa. Kwa hiyo flaneli isiyo flaneli ina miaka zaidi ya 30, na angalau yake ilikuwa hariri. Yangu ni plastiki.

Tisheti sina maneno, jepesi, limeandikwa neno moja lisiloeleweka, linafaa kulalia. Jinsi, matundu yako magotini ila yamekatwa sawasawa kabisa kama kwa rula, na ukivaa goti langu haliko lilipo tundu, liko sentimita kama nne chini, kwa hiyo kila nikipiga hatua tundu linacheka pajani. Hiyo nimeirudisha.

Sweta ni habari nyingine. Sweta ni zuri! Zito, limefumwa kwa uzi laini wenye manyoya, mikono mirefu inafunika viganja. Wazi kabisa wameliiga lile alilovaa Cobain kwenye onyesho la MTV Unplugged, lilirekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993, lile sweta lenyewe liliuzwa kwa mnada 2019 kwa dola 334,000 likiwa na kifungo kimoja pungufu, tundu la sigara, na halijafuliwa. Nawashukuru sana duka kwamba hapa hawakuchapa tundu la sigara. Sijui waliisahau au kuna mtu kule kiwandani ana aibu.

Muziki wa kwenye ule mraba, nyimbo 20, nilizisikiliza zote siku moja nikifua. Tano za kwanza hakuna tatizo, zile ambazo kila mtu anazijua. Baada ya hapo wanakuletea bendi zilizokuja miaka ya mwisho ya 90 wakati makampuni yalishajua kupika ile sauti, mkwaruzo umepanguswa, mwimbaji anabana koo kama anainua gunia. Hamna Melvins. Hamna Mudhoney, fikirini unauza granji halafu unamsahau aliyelitia neno mdomoni! Na hamna mwanamke hata mmoja, wakati Seattle ileile ilikuwa na 7 Year Bitch, na The Gits ya Mia Zapata ambaye aliuawa 1993 akiwa anarudi nyumbani usiku na wanamuziki wenzake wakachangishana hela kulipa mpelelezi. Hao hawamo kwenye boksi la mtu.

Kuna kitu kimoja kiliniudhi zaidi ya kwapa na nitakisema haraka nisije nikaharibu siku. Kwenye karatasi ya muziki wameandika "Vaa huzuni yako". Andrew Wood wa Mother Love Bone alikufa 1990 kwa heroini, ana miaka 24. Cobain tarehe 5 Aprili 1994, miaka 27. Layne Staley 2002, na yeye tarehe 5 Aprili vilevile, na alikaa siku kadhaa ndani bila mtu kujua. Cornell 2017. Nani kakaa ofisini akaandika hiyo sentensi akaona imekaa vizuri? Ile karatasi nimeichana, na hilo tundu ni langu mwenyewe.

Basi nikarudi kwenye chati siku iliyofuata, nimejiandaa kama naenda mahakamani. Akapokea mwingine, au yuleyule, hawataji majina. Nikamwambia hivi: mdogo wangu, tundu la granji ni la mtu aliyevaa nguo mpaka ikachoka, mi nimevaa siku mbili, hapa kilichochoka ni uzi wenu. Kimya. Vile vinukta vitatu vikacheza cheza. Akaniuliza, "Dada, shati lilichanika kabla au baada ya kuvaliwa?" Nikamjibu likiwa mwilini. Akasema kwa mujibu wa masharti yao kuchakaa kwa kuvaliwa hakurudishiwi hela, na kuchakaa kwa kiwandani ni ubunifu, kwa hiyo hakurudishiwi pia. Nikaisoma mara mbili. Nikamuuliza, sasa mdogo wangu kuchakaa gani ndo kunarudishiwa hela? Akaomba dakika tano aulize.

Akarudi baada ya dakika arobaini akataka picha ya kwapa nikiwa nimeweka kidole kwenye tundu, ili wapime ukubwa. Nikapiga, nikatuma, nimewahi kutuma picha za aibu maishani ila hiyo inashika nafasi yake. Jioni wakajibu kwa adabu kabisa kwamba tundu "halilingani na mchoro wa bidhaa" hivyo wanatuma shati jingine bure na la zamani nibaki nalo. Sikuwa najua kuna mchoro wa matundu. Kuna mtu ana kazi ya kuchora matundu na yeye ndo aliyeniokoa.

Kama unataka kuoda: chukua sweta peke yake, wanaliuza kando. Jinsi acha. Kikadi hawauzi kando, nimeuliza.

Shati la pili limefika juzi. Nikalivaa, nikainua mikono yote miwili, nikazunguka, kwapa limeshika. Nikalilaza kitandani pembeni ya lile la kwanza nilinganishe mishono. Pale pembeni ya mfuko wa kushoto doa la kahawa lipo, palepale, ukingo uleule mweusi, mpaka kile kitone kidogo kilichochuruzika upande wa chini.